UZI: Wapiga mizinga waliotoka Kilindini Februari 1944 wakazama na Khedive Ismail

BahariaMtongwe

Wanajukwaa, salaam aleikum na hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, nitauleta kwa vipande. Mwenye swali aulize tu, asingoje nimalize.

Nimetumikia Jeshi la Wanamaji la Kenya, kambi ya Mtongwe, mpaka nikastaafu. Leo nataka kumtolea heshima askari wa vita vilivyotangulia vyangu: mdogo wake babu yangu, mtu wa Rabai, mpiga mzinga katika kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Alikufa maji Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944 karibu na visiwa vya Maldives, pamoja na meli iliyowachukua kutoka Kilindini. Wazee wa nyumbani wameniomba jina lake nisilitie mtandaoni, kwa hiyo humu nitamwita Babu Mdogo, kama tunavyomwita nyumbani.

Meli yenyewe iliitwa Khedive Ismail. Nimewauliza watu wengi wa Mombasa, wakiwemo makuli wa zamani wa bandarini na mabaharia wenzangu, na waliowahi kulisikia jina hilo ni wachache mno. Meli zilizozama huko mbali na matajiri wao tunazijua, sinema zake tumeziona. Hii iliyopita mbele ya Likoni ikiwa imejaa vijana wetu hatuijui. Linaniuma, na ndilo lililonikalisha chini niandike.

Muijue kwanza Mombasa ya siku hizo. Aprili 1942 ndege za Wajapani zilipiga Colombo na Trincomalee kule Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Waingereza wakaona manowari zao hazina usalama huko, wakazileta kwetu, Kilindini ikawa makao ya majeshi yao ya majini ya Bahari ya Hindi. Shule ya Allidina Visram, ambayo najua wengine humu mmesoma, ilichukuliwa na wanajeshi. Ndani ya madarasa yale walikaa watu wa kunasa ujumbe wa redio wa Wajapani na kufumbua siri zake. Walikaa mpaka 1943, hatari ilipopungua, wakarudi Colombo.

Kufikia mwanzo wa 1944 kazi ilikuwa Burma, au Bama kama walivyosema wazee. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye nembo ya kichwa cha kifaru, walikuwa wameshavuka bahari wako Ceylon wakifanya mazoezi. Watembea kwa miguu bila mizinga nyuma yao ni watu wa kuchinjwa, na mizinga ndiyo kazi ya akina Babu Mdogo. Alichukuliwa huko kwa sababu alisoma shule ya misheni pale Rabai na hesabu alikuwa anaziweza. Mzinga wa ratili 25 haulengwi kwa jicho. Kuna pembe, kuna umbali, kuna upepo, na mtu wa kukokotoa haraka watu wanamtafuta.

Naendelea baada ya Isha.

KijanaWaFerry

Shikamoo mzee. Mimi navuka Likoni kila siku asubuhi na jioni na sijawahi kuambiwa habari hii, wala shuleni hatukusomeshwa. Walikuwa watu wangapi? Na iliondoka bandari ipi hasa, ya zamani ama hii kubwa?

BahariaMtongwe

Marahaba mwanangu. Ni Kilindini, hii kubwa. Bandari ya kale haina kina cha meli kama ile.

Meli ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, jina lake la kwanza Aconcagua. Mwaka 1935 ikanunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina la mtawala wao wa zamani. Vita vilipopamba moto, 1940, Waingereza wakaifanya ya kubebea wanajeshi. Tani zake kama 7,500. Kwa meli za leo zinazopita hapo na makontena ni ndogo.

Siku za mwanzo za Februari 1944 iling'oa nanga kwenda Colombo. Walikuwa msafara wa meli tano za abiria: yeye, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Manowari Hawkins ndiyo iliyowasindikiza, na njiani wakaungana nao manowari mbili ndogo zenye mbio, Paladin na Petard. Ndani ya Khedive Ismail mlikuwa na watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301. Waliobaki ni mabaharia wa Kiingereza, wahudumu wa meli, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi wa Burma.

Ulikuwa msimu wa kaskazi. Kwa anayekwenda Ceylon, upepo huo unamjia usoni, na joto la Februari kila mtu wa pwani analijua. Fikiria vijana mia tisa na zaidi chini ya sitaha katika joto hilo, wengi wao hawajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko mtumbwi.

Walikuwa wamekaribia Maldives. Chakula cha mchana kimeshaliwa, watu wengine wamo ukumbini wakisikiliza muziki, na askari wengi wamepumzika chini. Saa nane na nusu hivi mchana nyambizi ya Kijapani, I-27, ikawatupia topido. Mbili ziliipata Khedive Ismail.

Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili.

Naomba nikae hapa kidogo, maana huku ni kwetu sisi wa majini. Tulipokuwa mafunzoni tulizoezwa kutoka vyumba vya chini gizani, kwa kupapasa, tukiwa tumefunikwa macho. Ukiwa umezoea, ukiijua ngazi na kila mlango, na meli imesimama wima, dakika mbili zinakutosha kufika juu ukiwa unahema. Meli ikilala ubavu, ngazi inakuwa ukuta. Taa zinazima. Maji yanateremka kwa mlango ule ule unaotaka kupandia. Mbele yako wako watu mia, nao wako vivyo hivyo. Waliokuwa ngamani hawakuwa na nafasi. Sisemi hivi kuwatia watu simanzi. Nasema kwa sababu nyumbani kwetu tulikua tukiambiwa Babu Mdogo "alishindwa kuogelea", na yule mtu alikulia karibu na hori za Rabai, aliogelea tangu utotoni. Hakuna aliyeshindwa kuogelea. Wengi hawakufika kwenye bahari yenyewe.

MtuWaMajengo

Afande, heshima yako. Lakini niseme langu. Vita hivi vilikuwa vya Mzungu. Babu zetu walibebeshwa bunduki kumtetea mtu aliyewanyang'anya ardhi na kuwavisha kipande shingoni. Mbona tuwafanyie maadhimisho kwa vita vya mkoloni? Mashujaa wangu mimi ni waliomtoa mkoloni.

UstadhiKibokoni

Assalaam aleikum. Mzee nimekisoma kipande cha pili mara mbili, nikaisha. Naomba nikumbushe jambo moja kwa ndugu zangu Waislamu. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba aliyekufa kwa kughariki ana daraja la shahidi. Katika vijana wale bila shaka walikuwamo Waislamu wengi, wa pwani hii, wa Tanganyika na kwengineko. Hawakuoshwa, hawakusaliwa, hawana kaburi la kusomewa. Hitima haihitaji kaburi. Tukikubaliana siku, mimi niko tayari kuisimamia msikitini kwetu, na chakula tutachanga.

BahariaMtongwe

Wa aleikum salaam Ustadhi. Nimelipokea hilo kwa mikono miwili, nitarudi kwalo.

Ndugu wa Majengo, hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu. Yote uliyosema ni kweli na mimi nitakuongezea. Vita vilipokwisha, kiinua mgongo cha askari kilipangwa kwa rangi: askari mzungu alipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo hicho hicho. Waliorudi kutoka Bama walikuta kipande kinawangoja na ardhi ya waliokuwa mabwana zao imezidi kupanuka. Wako walioingia jeshini kwa hiari, wakitafuta mshahara na kuiona dunia, na wako walioletewa amri na chifu.

Lakini nakuuliza. Waruhiu Itote, aliyekuja kuwa kiongozi wa Mau Mau na kuitwa General China, alipigana Burma mwaka huo huo wa 1944 akiwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles. Aliyoyaona huko, mzungu akivuja damu na kuogopa kama mtu yeyote, alirudi nayo, na msituni Mlima Kenya ujuzi ule alikuwa nao. Huyo ni katika mashujaa wako, na wangu pia. Sasa wale 996 wangefika Ceylon na wakarudi salama, wangapi kati yao wangekuwa nani katika nchi hii? Wangapi wangekuwa katika migomo ya bandari hapa Mombasa? Hatutajua kamwe. Kijana wa miaka ishirini na kitu aliyezama ngamani hakupewa muda wa kuchagua upande.

Simtolei heshima mfalme wa Uingereza. Namtolea heshima mtu wa kwetu. Nami nina haki ya kufanya hivyo kwa sababu nimevaa sare. Tulipokwenda Kismayu, Somalia, Septemba 2012, nyumba zetu zilijua tumekwenda. Mwenzetu akianguka, mwili unarudishwa, jeneza linafunikwa bendera, risasi za heshima zinapigwa, mama anakabidhiwa bendera mkononi, na jina linasomwa tena tarehe 14 Oktoba, siku ya majeshi. Askari hupigana vita asivyovianzisha, hii ndiyo kazi. Kinachodaiwa na waliobaki ni kumhesabu. Babu Mdogo hakuhesabiwa na mji alioondokea.

MtuWaMajengo

Nimekuelewa afande. Bado sitaki bendera ya Mwingereza iwepo popote. Ila watu wenyewe, nakubaliana nawe.

BahariaMtongwe

Haitakuwepo.

Sasa kipande kilicho kigumu zaidi kwangu. Baada ya meli kuzama, zile nyingine nne zilitawanyika kuokoa maisha, na ndivyo inavyotakiwa. Juu ya maji wakabaki mamia ya watu wakielea kwenye mafuta na mbao. Paladin ikashusha mashua kuwaokota. Nyambizi ilikuwa bado pale pale, imejificha chini ya watu hao hao.

Petard ikaingia na kuachia mabomu ya kulipuka chini ya maji, watu wakiwa wanaelea. Ndugu zangu, bomu lile likilipuka karibu, aliye majini hupasuka matumbo bila kuonekana jeraha. Waliokuwa wameponea topido za Mjapani wakapigwa na milipuko ya upande wao.

Nimefunzwa kazi ile. Nahodha wa manowari ana nyambizi iliyo hai chini yake, ana meli nne zimejaa maelfu ya askari hazijafika mbali, na wajibu wake wa kwanza ni kuiua. Sitamlaani. Mimi ningekuwa kwenye daraja la meli ile, ningetoa amri ile ile, na nisingelala vizuri tena maishani. Ninachokataa ni kuona jambo hilo likipitwa haraka, kama kwamba waliokuwa wakielea walikuwa sehemu ya bahari.

Mwishowe I-27 ililazimika kuibuka. Paladin ikaikimbilia kuigonga, ikazuiwa dakika za mwisho, ikachanwa ubavu kwa kuikwaruza. Petard ikapiga topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza. Waliookolewa katika watu 1,511 walikuwa wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297, wanawake 77 wakiwemo. Manusura walipelekwa visiwa vya Addu, kusini mwa Maldives. Babu Mdogo hakuwamo.

ShangaziRabai

Mwanangu, umeandika vyema. Mimi ni dada wa baba yake mwenye uzi, na huyo mnayemtaja ni baba yangu mdogo ingawa sikumdiriki. Niongeze ya nyumbani ambayo yeye hayajui kwa sababu ni mambo ya wanawake.

Nyanya, yaani mama mzazi wa marehemu, aliletewa karatasi na tarishi miezi kadhaa baadaye. Imeandikwa Kiingereza, ikasomwa na mwalimu wa kanisa, kwamba mwanawe hajulikani alipo, baharini. Nyanya akasema mtu asiyejulikana alipo anatafutwa, haliliwi. Akakataza matanga. Miaka yote hiyo chakula chake kiliwekwa. Kila akisikia askari wamerudi kutoka Bama anashuka Mazeras kwa miguu kungoja treni. Waliorudi kweli walipita nyumbani kumsalimu, lakini hawa ni wa vikosi vingine, hawakuwa naye. Wa kikosi chake hakuja hata mmoja.

Baadaye watu wakaanza kumuota. Wazee wakasema anadai. Wakamchongea koma, yaani nguzo ya mbao ya marehemu, akasimikwa pamoja na wenzake, akamwagiwa tembo la mnazi. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, lakini siku hiyo hakuzuia, alikaa akatazama. Kisha akalia, matanga yakakaliwa. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka kilio tu. Mjukuu wa kwanza wa kiume aliyezaliwa baada ya hapo akapewa jina lake, na yuko hai, na ana wajukuu.

KijanaWaFerry

Shangazi pole sana. Mimi sina la kusema.

BahariaMtongwe

Shikamoo shangazi. Ya Mazeras sikuwahi kuyasikia. Nitapanda Rabai wiki hii, naomba unisimulie yote.

MwalimuMstaafuTudor

Salaam wote. Nilisomesha historia sekondari, niruhusuni niongeze kidogo kuhusu ukumbusho wenyewe.

Mombasa si kwamba haina kumbukumbu za vita. Zipo sanamu za shaba za askari Waafrika pale Jomo Kenyatta Avenue, na mbele ya Fort Jesus ipo mizinga miwili ya vita vya kwanza: mmoja wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa Unguja Septemba 1914, na mmoja wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyomzamisha Pegasus, nayo ikaishia delta ya Rufiji Julai 1915. Watoto hupanda juu yake kupiga picha. Jirani hapo kuna kumbukumbu ya Meja Wavell, aliyeandikisha vijana wa Kiarabu na Waswahili wa mji huu kuwa kikosi, akauawa Mwele huko kwa Wadigo Januari 1916. Lakini zote hizo ni za vita vya 1914 hadi 1918, na jina utakalosoma ni la mzungu. Wapagazi waliokufa kwa maelfu kwa homa na njaa, wakibeba chakula cha majeshi, hawana majina popote.

Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri. Kwamba watu kati ya 116,000 na 350,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Ilikuwa imepita miaka mia.

Vita vya pili vilikuwa na nafuu kwa upande huo. Wapiga mizinga wa Khedive Ismail majina yao yapo, yamechongwa kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Mzee, umeshafika?

BahariaMtongwe

Nimefika, mwalimu. Jina lipo. Limekosewa herufi moja, lakini ni yeye. Niliweka mkono juu yake nikapiga saluti, na mtunza bustani aliyekuwa akikata nyasi akazima mashine akasimama mpaka nilipomaliza. Mungu ambariki.

Na hapo ndipo yalipo madai yangu. Ngong Road ni mbali na maji. Mtu wa Mombasa hapiti pale, wala mtalii wa pwani, wala mtoto wa shule ya Likoni au Changamwe. Meli yoyote inayotoka Kilindini hupita kati ya Likoni na bustani ya Mama Ngina, chini ya ile mibuyu, karibu kiasi kwamba aliye juu anaonana na aliye melini. Mibuyu ile ilikuwepo Februari 1944. Bustani imetengenezwa vizuri sana miaka hii, watu wanakula mihogo ya kukaanga na madafu jioni, wanatazama meli. Jiwe moja tu pale, lenye jina la meli, tarehe na idadi ya watu, kwa Kiswahili, lingetosha kuanzia. Majina yakifuata baadaye, alhamdulillahi.

Kibali nimeshaanza kukifuatilia, na jiwe huenda likachukua muda. Kusoma majina hakuhitaji jiwe. Tarehe 12 Februari ijayo, saa nane na nusu mchana, tukutane Mama Ngina upande wa kutazama mlango wa bandari. Ustadhi ataanza na dua, mchungaji wa Rabai amekubali, na shangazi ataleta wazee wa kaya. Hitima iwe msikitini baada ya hapo kama Ustadhi alivyopanga. Ndugu wa Majengo, wewe nakuomba uwe msomaji wa majina, una sauti.

MtuWaMajengo

Nitasoma, afande.

UstadhiKibokoni

InshaAllah. Mchele nimeshaahidiwa gunia moja.

MwanaWaKisauni

Mzee, mama yangu alikuwa na mjomba aliyekwenda "vita vya Hitler" na hakurudi. Hatujui kikosi, hatujui mwaka. Nitaanzia wapi?

BahariaMtongwe

Anza na tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, kuna sehemu ya kutafuta waliokufa. Usianze na jina. Weka tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, kisha kwenye kikosi andika East African Artillery, yatashuka majina mengi, yasome moja moja hata ikichukua jioni nzima. Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo R na L zimebadilishana, H imeongezwa ama imeachwa, jina la baba limekuwa la kwanza, na wengine wameandikwa jina moja tu. Wengine chini ya jina pana majina ya wazazi au kijiji, hapo ndipo utamjua.

Kama hayumo, ondoa tarehe, uweke King's African Rifles na miaka ya 1940 hadi 1945. Wa Burma wasio na kaburi wako kwenye ukumbusho wa Rangoon. Muulize mama kama nyumbani kuna medali yoyote. Za vita vya kwanza zilichongwa jina na nambari kwenye ukingo, za vita vya pili za Waingereza kwa kawaida ni tupu, kwa hiyo karatasi yoyote ya zamani, hata iliyoliwa na mchwa, isitupwe. Nambari ya jeshi ikiwepo, nitumie faraghani, nitakusaidia kutafuta. Na ukimpata, nipe jina kama mnavyolitamka nyumbani, ndivyo litakavyosomwa.